Damu Haiandikwi kwa Kukisia

Makarani wa kumbukumbu za afya, wa Unguja na wa Pemba, mmenijazia maswali ya namba za ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, kuhusu mishipa ya utumbo mpana, na hasa angiodisplasia, yaani mishipa midogo ya damu iliyotanuka vibaya na kuweza kuvuja. Haya.

Daktari kaandika "angiodisplasia ya utumbo mpana, inavuja damu". Niweke K55.21? (Karani, Wete)

Hapana! Hili nimeshalijibu hata nimechoka. K55.20 na K55.21 ni za toleo la Marekani, lile walilolianza Oktoba 2015: ya kwanza bila damu, ya pili na damu. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani ina K55.2, basi. Mnafungua simu, ukurasa wa mwanzo unaotokea ni wa Wamarekani, mnanakili bila hata kutizama ni kitabu cha nani. Damu iandikwe kwa maneno kwenye muhtasari wa kumruhusu mgonjwa.

Na akiwa na upungufu wa damu? (Huyo huyo)

D62 ikiwa damu imemtoka kwa ghafla, D50.0 ikiwa imevuja kidogo kidogo hata madini ya chuma yakamwishia. Daktari ndiye aseme ni ipi, si wewe kwa kusoma kipimo cha hemoglobini. Akiandika "upungufu wa damu" tu, mrudishie faili.

Bawasiri nayo si mishipa? Kwa nini isiwe K55.2? (Chake Chake)

K64. Kitabu chako kikisema I84, ni cha zamani, kitupe.

Mzee wa miaka 70 katokwa na damu, kolonoskopi (kamera ya kutizama ndani ya utumbo mpana) hakufanyiwa, daktari kaandika "anashukiwa angiodisplasia" akamruhusu. Niandike nini? (Mjini Unguja)

Hili ndilo swali la maana. Kwanza mfuate daktari, hata kama ana haraka. Asipokuwa na la kuongeza, kanuni ya ICD-10 inasema ugonjwa ulioshukiwa hadi mwisho wa matibabu uandikwe kana kwamba umethibitika: K55.2. Wamarekani kwa wagonjwa wa nje wanakataza jambo hilo hilo, ndiyo maana mnachanganyikiwa.

Sasa tizameni uzito wake. Daktari akiandika magonjwa mawili, "angiodisplasia au saratani", bila kutaja dalili, linachukuliwa la kwanza. Mpangilio wa maneno ya mtu mwenye usingizi wa zamu ndio unaoamua mzee huyu ahesabiwe wapi. Madaktari, ile alama ya kuuliza mnayoichora pembeni ya faili si uchunguzi. Andikeni kilichoonekana, upande gani wa utumbo (angiodisplasia hupenda zaidi upande wa kulia), na kama ilikuwa inavuja wakati mnaitizama. Na mzee wa umri huo anayetoka damu asipelekwe nyumbani kwa neno "anashukiwa" halafu ikaishia hapo. Saratani ya utumbo mpana nayo huvuja vivyo hivyo.

Dai la malipo ya matibabu limerudishwa. Nikibadilisha namba ili lilipwe, kuna ubaya? (Hakutaja alipo, na namwelewa)

Upo. Namba inafuata faili. Kama faili lina kosa, alisahihishe daktari, atie saini na tarehe.

Angiodisplasia ya tumbo (mfuko wa chakula) ni K55.2? (Mkoani)

K31.8. K55.2 ni ya utumbo mpana peke yake, jina lake lenyewe linasema.