Kipima Kina, GPS na Waya Mmoja

Swali: Nina mashua ya uvuvi ninayoitia nanga Mtongwe. Fundi amenifungia kipima kina kipya na kukiunga na ramani ya kielektroniki kwa kutumia waya ule ule unaoleta taarifa za GPS. Tangu hapo kina huonekana na kupotea, na mashua hurukaruka kwenye ramani. Fundi ananishauri ninunue kebo nene zaidi. Nimsikilize? – Nahodha, Mombasa

Jibu: Hapana, nahodha. Unene wa kebo ni muhimu kwa umeme wa taa na pampu. Katika waya wako hupita maneno, na kosa ni kwamba vyombo viwili vinasema kwa wakati mmoja. Chini ya NMEA 0183, kanuni ya mazungumzo ya vyombo vya baharini, ambayo mwendo wake wa kawaida ni biti 4800 kwa sekunde, waya mmoja huwa na msemaji mmoja tu, ingawa wasikilizaji waweza kuwa kadhaa. GPS na kipima kina vikisema pamoja, sentensi zao huharibika, nayo ramani huzitupa. Kila chombo kipewe mlango wake wa kuingilia kwenye ramani; ukiwapo mmoja tu, nunua maltipleksa, ambayo hupokea kila msemaji peke yake kisha hupitisha maneno yao kwa zamu. Ukitaka ushahidi, chomoa waya wa GPS, usiizime tu, uone kama kina kitatulia.

Kosa hili naliona kila mara, nami nimechoka nalo. Fundi ameona NMEA 2000, kanuni mpya zaidi, ambamo vyombo vingi hutumia kebo moja kwa sababu mfumo wenyewe huamua nani atangulie, akadhani kila waya wa chomboni ni hivyo. Mwingine hulinganisha rangi, kana kwamba watengenezaji wote walikubaliana juu ya rangi moja, kisha husokota nyaya na kuzifunga utepe ambao chumvi itaupenya.

Linalonitia hofu zaidi ni namba inayosomeka vizuri huku ikiwa ya uongo. Kipimo huanzia kwenye kitambuzi cha mwangwi, si kwenye mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa mashua. Mkuku ukiwa sentimita 60 chini ya kitambuzi, marekebisho yaandikwe kwa alama ya kutoa; fundi akiyaandika kwa alama ya kujumlisha, ramani itakuonyesha mita 1.2 za maji yasiyokuwapo chini ya mkuku, nawe utayategemea maji kupwa. Kabla ya kumlipa, teremsha bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, kando ya kitambuzi, mashua ikiwa imetulia, mlinganishe namba mbele yake.