Kwa wanaoanza kukaa mezani kwenye mpira wa kikapu, pale panapoandikwa alama na kutunzwa saa ya mchezo

Karibuni, wadogo zangu. Wengi wenu mmeujua mchezo huu kwa kuangalia NBA, na nawaambia mapema kwamba hapo ndipo mtakapojikwaa. NBA ni ligi ya Marekani yenye kanuni zake. Sisi tunachezesha kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu lililoundwa na nchi 8 jijini Geneva mwaka 1932, na Marekani haikuwamo. Kwetu mechi ni dakika 40, si 48. Faulo ya 5 inamtoa mchezaji. Na mchezaji akikuonyesha ishara ya taimauti (mapumziko mafupi ya timu) akiwa uwanjani, usibonyeze kitu: anayeomba ni kocha au msaidizi wake wa kwanza, tena anaomba mwenyewe, kwa kuonana macho na mwandishi au kwa kuja mezani.

Hii ya taimauti msiichukulie poa. Fainali ya Olimpiki ya 1972 pale Munich, Marekani na Umoja wa Kisovieti, iliharibikia mezani. Zikiwa zimebaki sekunde 3, Doug Collins wa Marekani alikuwa kwenye mitupo huru. Honi ya mezani ikalia katikati ya zoezi, naye akafunga hivyo hivyo: 50-49. Wasovieti wakadai waliomba taimauti na meza haikuwapa. Mchezo ukaendelea, ukasimamishwa, na hapo akashuka kutoka jukwaani R. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akaamuru sekunde 3 zirudishwe. Kwa kanuni hakuwa na mamlaka hayo, lakini nani angembishia? Mpira ukarushwa tena saa ikiwa bado haijawekwa sawa, honi ikalia, Wamarekani wakashangilia. Wakarudishwa mara nyingine, na safari hii Ivan Edeshko akapiga pasi ndefu hadi kwa Alexander Belov, akafunga: 51-50 kwa Wasovieti. Kamati ya rufaa ikagawanyika 3 kwa 2 upande wa Wasovieti, na Wamarekani hawakuzichukua medali zao za fedha.

Mimi anayenivutia zaidi kwenye kisa hiki ni refa Mbrazili, Renato Righetto, aliyekataa kusaini karatasi ya mchezo. Ndiyo maana nawasumbua na ile karatasi. Robo ya kwanza na ya tatu kalamu nyekundu, ya pili na ya nne bluu au nyeusi, ili mtu wa rufaa aone kila alama iliingia lini. Taimauti ikitolewa, andikeni dakika yake hapo hapo. Mechi ikiisha msiikunje haraka: nahodha anayepinga matokeo ana dakika 15 za kumjulisha refa mkuu na kusaini kwenye nafasi yake.

Na wakubwa bado wanashuka kutoka jukwaani, hata kwenye ligi ya mkoa. Akikuinamia kiongozi wa chama, msalimie kwa adabu, kisha umwelekeze kwa kamishna, msimamizi wa mechi aliyekaa pembeni yako. Saa usiiguse mpaka refa mkuu aseme.