Re: Landrover 109 ya petroli, stata inasema "ka" tu asubuhi

Mkuu, umesema uko Uyole, Mbeya, betri mpya, taa zinawaka vizuri, lakini ukipiga stata asubuhi inalia "ka" na kunyamaza, na fundi anataka ununue nyingine. Usitoe hela kwanza. Stata ikihukumiwa bila kufunguliwa, hapo unauziwa spea tu.

Anza na waya wa arthi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari. Chukua kebo nene ya kubustia, unganisha nguzo ya betri yenye waya wa arthi (kawaida hasi) na chuma cha injini, kisha piga. Ikizunguka, kwangua kutu kwenye waya wa arthi, kaza, umemaliza. Na baridi ya Juni huko inachangia: oili inakuwa nzito huku betri ikipungua nguvu.

Bado inagoma? Chomoa betri, shusha stata, angalia kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya stata) kama zimeisha au zimekwama. Komuteta, ile sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni, isugue kwa msasa laini. Halafu ikague amecha, ile sehemu inayozunguka ndani: ukiona michubuko inayong'aa ubavuni, bushi (vikombe vinavyoshika shafti) zimelika, shafti inapwaya na amecha inasuguana na sumaku. Bushi anachonga fundi wa leidhi (mashine ya kuchonga chuma), si lazima stata nzima.

Bendeksi, ile gia ya stata inayoshika injini, ioshe kwa petroli, ikauke kabisa, usipake grisi. Grisi inanasa vumbi na bendeksi inakwama.