Waigizaji wa mikoani, Uingereza ya karne ya 18

Ndugu, umeuliza kama waigizaji wa mikoani Uingereza karne ya 18 walikuwa tu wale walioshindwa London. Hapana, na ushahidi ninaoupenda ni Tate Wilkinson, mwigizaji na kiongozi wa kundi la maigizo. Alizaliwa 1739, baba yake mchungaji aliyehukumiwa kupelekwa uhamishoni kwa kufungisha ndoa kinyume cha sheria. Kijana akajitegemea kwa kipaji cha kuiga watu: alimwiga David Garrick, mwigizaji maarufu wa London, akamwiga hata mchekeshaji Samuel Foote aliyekuwa akisafiri naye kikazi. Wakubwa wa jukwaa hawakufurahia kabisa.

Lakini kazi yake kubwa ni York, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Kuanzia miaka ya 1760 aliongoza kundi lililozunguka York, Hull, Leeds, Wakefield na Doncaster, likifuata misimu ya mbio za farasi na vikao vya mahakama, maana ndipo miji ilipojaa watu wenye fedha. Mwigizaji alilazimika kujua michezo mingi ya kuigiza kwa kichwa, kwani watazamaji walikuwa walewale na walitaka kipya. Mshahara ulikuwa mdogo. Tegemeo kubwa la mwigizaji lilikuwa ule usiku mmoja ambao mapato ya onyesho, gharama zikishatolewa, yalikuwa yake.

Sasa tazama waigizaji waliokuja kuwa maarufu waliopita mikononi mwa Wilkinson: John Philip Kemble, Sarah Siddons, na Dorothy Jordan, aliyempokea Leeds 1782 akitokea Ireland bila kitu. Miaka mitatu baadaye Jordan alikuwa Drury Lane, ukumbi mkubwa wa maigizo London. Kwangu mimi, huyo Wilkinson alikuwa mwalimu kuliko wengi waliobaki katika mji mkuu.