Maswali na Majibu: Bega Linachoma, Nishushe Pauni?

SWALI: Wataalamu, hamjambo? Nina upinde wa kampaundi (ule wenye magurudumu kwenye ncha) na navuta kwa mkono wa kulia. Umewekwa pauni 50 za nguvu ya kuvuta, na mvuto, yaani urefu wa kuvuta ugwe, ni inchi 29. Nikifika mshale wa ishirini hivi, bega la kushoto, lile la mkono unaoshika upinde, linaanza kuchoma kwa juu. Pima yangu, mikono ikiwa imenyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ni sentimita 173. Nikishusha pauni litatulia?

JIBU: Pauni utazishusha, ila anza na inchi. Mvuto hukadiriwa kwa kugawa pima kwa 2.5. Sentimita 173 ni inchi 68. Ukigawa unapata 27 na kidogo. Upinde wako umekuzidi karibu inchi mbili!

Mvuto ukizidi, kiwiko cha kushoto kinakakamaa, kiwiliwili kinaegemea nyuma na bega linapanda kuelekea sikioni. Juu ya bega kuna kano inayopita chini ya mfupa. Bega likipanda, nafasi inabana na kano inasagwa kila unapovuta. Mwombe mwenzako akupige picha ukiwa umevuta. Ugwe unapaswa kugusa ncha ya pua huku kichwa kimenyooka. Ukiwa umepita pua na kuzama shavuni, tatizo ni hilo.

Kwa pinde nyingi za siku hizi, mvuto hubadilishwa kwenye kibati kilichofungwa kwa skrubu ndogo kwenye kamu, yaani gurudumu la ncha ya upinde. Legeza, sogeza hadi alama ya 27.5, kaza. Kama kamu zako zote mbili zina vibati, visogeze sawasawa, na kizuizi cha mvuto (kinachosimamisha ugwe mwisho wa kuvuta) nacho kiwe kwenye alama hiyo hiyo. Kusahau kizuizi ndiko kunakowafanya wengi waone upinde "umegoma". Kama kitabu cha upinde kinadai mashine ya kubana upinde, mpelekee fundi.

Sasa pauni. Weka alama ya kalamu kwenye bolti mbili zinazoshika mabawa, yaani sehemu mbili za upinde zinazopinda, ya juu na ya chini. Kama kuna skrubu za pembeni za kufungia, zilegeze kwanza. Kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita), fungua nusu mzunguko juu, nusu chini, ukipokezana hadi ufike. Zikitofautiana upinde unakwenda kombo. Mzunguko mmoja kwa kawaida hushusha pauni 2 hadi 3, lakini usikisie: ning'iniza ugwe kwenye mizani ya ndoano, vuta taratibu, usome namba ya juu kabisa. Lenga pauni 40, yaani kilo 18. Usivuke idadi ya mizunguko iliyoandikwa kitabuni, maana bolti ikichomoka mabawa yakiwa na mvutano, upinde unakurukia usoni.

Jipime hivi: kaa kitini, weka mshale, inua nyayo, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute moja kwa moja. Ukilazimika kuuelekeza angani ndipo uweze kuuvuta, bado ni mzito. Rudisha taratibu, usiachie ugwe mtupu. Kisha rekebisha upya tundu la kulengea lililo kwenye ugwe na saiti (kifaa cha kulengea kilicho mbele ya upinde), kwani mishale itaanguka chini zaidi.

Bega likiuma usiku ukililalia, au mkono ukiwa dhaifu kuinua, pumzisha upinde na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

SWALI: Upinde wangu wa rikavu (usio na magurudumu, wenye ncha zilizopinda kwenda mbele) umeandikwa pauni 30, nami navuta inchi 26. Ni 30 kweli?

JIBU: Hapana. Namba hiyo hupimwa kwenye inchi 28. Kila inchi pungufu huondoa takriban pauni 2, kwa hiyo unashika kama 26.