Paka, panya na homa ya mgunda: majibu kwa maswali yenu

Maswali mengi safari hii yanahusu homa ya mgunda, ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye leptospira, na kama paka wa nyumbani wana mkono katika kuueneza. Nimechagua matano.

Tupo Ruangwa. Nina paka wawili wanaowinda panya shambani. Tangu ule mlipuko, jirani ananisisitiza niwatupe porini, eti wanaleta homa ya mgunda. Ni kweli?

Usiwatupe, tafadhali. Hofu ya jirani naielewa. Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko ule mkoani Lindi Julai 2022, watu 20 walikuwa wameugua na 3 wamefariki dunia. Wengine walitokwa damu puani, ikabidi wapimwe Ebola na Marburg, na hawakukutwa nazo.

Lakini mbebaji mkubwa ni panya. Bakteria hukaa kwenye figo zake bila kumdhuru, na kila akikojoa anawamwaga. Wakiangukia pakavu penye jua hufa upesi. Wakipata dimbwi, tope au jaruba la mpunga huweza kuishi kwa wiki kadhaa. Mtu huambukizwa maji au udongo huo ukigusa kidonda, mchubuko, macho au mdomo. Ng'ombe, nguruwe na mbwa nao hubeba ugonjwa huu.

Paka anaweza kuupata kwa kula panya, na vipimo katika nchi kadhaa vimewakuta bakteria hao kwenye mkojo wa paka. Hata hivyo, ni nadra sana kusikia mtu ameambukizwa na paka wake. Ukiwatupa, panya utabaki nao, tena watazidi.

Na tukiwa hapo hapo, niwaombe wanaotega sumu ya panya wawe waangalifu mno. Sumu nyingi za madukani huzuia damu kuganda, na panya aliyezila hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa. Paka humdaka bila shida, akamla, kisha naye akavuja damu ndani kwa ndani. Ni afadhali kuhifadhi nafaka kwenye mapipa yenye mifuniko, kuziba matundu na kuondoa mabaki ya chakula usiku. Shambani vaa viatu vya mpira.

Paka wangu hula panya karibu kila usiku na ni mzima wa afya. Ina maana paka hawaugui?

Wengi huambukizwa bila kuonyesha dalili yoyote. Wachache wanaougua, mara nyingi huumia figo, pengine na ini.

Ishara ambayo mimi siipuuzi ni kiu. Paka kwa kawaida hanywi maji mengi. Ukimwona anarudi bakulini kila mara, analamba maji kwenye sakafu ya bafu, na mchanga wake wa kujisaidia unalowa kuliko zamani, figo zinalalamika. Wengine hukataa chakula, hutapika, hukonda au hulala mchana kutwa hata ukimwita haitiki. Mpeleke penye mwanga wa mchana, inua mdomo utazame fizi, kisha fungua sikio utazame ndani: ukiona rangi ya manjano, usingoje kesho.

Dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine, hasa uchovu wa figo kwa paka wazee, kwa hiyo apimwe damu na mkojo. Sampuli zichukuliwe kabla hajaanza antibiotiki, maana dawa ikishaingia bakteria huwa vigumu kuonekana.

Duka la dawa wameniuzia doksisaiklini. Naweza kumpa mwenyewe, pamoja na panadol ya kushusha homa?

Panadol hapana! Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Hata kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Kama umeshampa, mkimbize kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama anaonekana mzima.

Doksisaiklini kweli ni dawa ya ugonjwa huu, ila kipimo chake hupangwa na daktari kwa uzito wa paka. Tena kidonge kikavu hunasa kooni mwa paka na kuchoma njia ya chakula mpaka inaacha kovu na kuwa nyembamba. Kila ukimpa, mfuatishie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kijiko cha supu ya samaki isiyo na chumvi.

Je, kuna chanjo?

Ya mbwa ipo. Ya paka hakuna, na asichomwe ile ya mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo paka wako aipate.

Naishi Kigogo, Dar es Salaam. Maji ya mafuriko yaliingia ndani, na paka amekojoa kwenye godoro la mtoto. Sasa mtoto ana homa kali, malaria hana. Nifanye nini?

Mtoto kwanza, leo hii. Mweleze daktari kinagaubaga kwamba maji ya mafuriko yaliingia ndani, ni siku ngapi zilizopita, na kama kuna panya nyumbani. Usipoyasema, huenda asiifikirie homa ya mgunda. Dalili huanza kati ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku 5 hadi 14: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, na misuli ya miguu chini ya magoti kuuma hata ikiguswa tu. Antibiotiki zikianza mapema hufanya kazi vizuri.

Godoro lifue kwa maji na sabuni ukiwa na glavu, kisha lianike juani hadi likauke kabisa. Sakafu ifute mkojo kwanza na uisuuze, ndipo upitishe jiki, sehemu moja kwa kumi za maji, madirisha yakiwa wazi. Usimwage jiki juu ya mkojo mbichi, kwa kuwa hutoa hewa kali inayoumiza kifua.