Kuchambua mizani, vina na takriri katika waraka wa Pushkin kwa Anna Kern

Umeuliza uanzie wapi na shairi ambalo Pushkin, mshairi wa Urusi wa enzi ya ulimbwende, alimwandikia Anna Kern, mwanamke aliyemvutia, mwaka 1825. Anza kulisoma kwa sauti, tena kwa Kirusi, hata kama huelewi neno. Tafuta nakala ya herufi za Kilatini yenye alama za mkazo. Tafsiri haifai kwa kazi hii. Mizani na vina vya mshairi havimo humo.

Beti ni 6, kila ubeti mishororo 4, mizani 9, 8, 9, 8 hadi mwisho. Aliyelelewa na tarbia ataridhika hapo, lakini ushairi huu hupima na mkazo pia. Nafasi za mkazo ni silabi ya 2, 4, 6 na 8. Ya 8 haikosi kamwe, nyingine huweza kurukwa. Mshororo Kak mimolyótnoye vidénye (“kama njozi ipitayo”) una mikazo 2 tu, ndiyo maana unapita upesi kama njozi inayotajwa humo. Ulinganishe na mwanzo wa ubeti wa 3: Shli gódy. Bur porýv myatézhny. Nafasi zote zimejaa, shli likaongeza mkazo wa tano, na nukta ikaukata mshororo mapema. Hapo ndipo dhoruba inapotajwa, na ulimi unalemewa kweli.

Tahadhari moja: sisi hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mishororo ya mizani 9 hututelezea vizuri, ila ile ya 8 tunaiharibu. Ni krasotý (“ya uzuri”), si krasóty. Ukikosea hapo, kina kimekufa.

Vina hupishana: wa 1 na wa 3, wa 2 na wa 4. Andika pembeni vina vya mishororo ya 8 peke yake, kwani utajiri uko huko. Beti za 1, 2, 3 na 5 zina -ty, na ty ni “wewe”. Hata ubeti wa 3, anapokiri kwamba ameisahau sauti ya mpenzi, kina chake bado kinasikika. Ubeti wa 4, wa upweke na kifungo, kinatoweka: moí, lyubví. Kinarudi ubeti wa 5, yule mwanamke anapotokea tena. Ubeti wa 6 kinaachia nafasi vnov na lyubóv, “upya” na “upendo”. Kwangu huu ndio uti wa mgongo wa shairi zima.

Kwenye takriri, usiishie kusema “amerudia”, tazama kilichobadilika. Mishororo miwili ya mwisho ya ubeti wa 1 inarudi neno kwa neno mwishoni mwa ubeti wa 5. Orodha ya ubeti wa 4 ina bez, “bila”, mara 5: bila uungu, bila msukumo wa kishairi, bila machozi, bila uhai, bila upendo. Ubeti wa 6 unairudisha kwa i, “na”, ila sasa uhai umetangulia machozi. Wengi hukimbilia kusema furaha imeyashinda machozi. Hesabu kwanza. Baada ya bez, slyoz (“machozi”) ni silabi 1 na zhízni (“uhai”) ni 2. Baada ya i, maumbo yanabadilika, zhizn inakuwa 1 na slyózy 2. Bila kubadilishana nafasi, mikazo ingeangukia silabi ya 2 na ya 5, na mshororo ungevunjika.